Bega Linaloteguka Mara kwa Mara

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Karagwe na Kyerwa

Kwa kiongozi wa kikundi: Kabla ya somo, leteni kiazi kitamu kimoja kikubwa, ndimu moja, kisu, na vijiti viwili vyenye ncha kali. Someni polepole. Mahali palipoandikwa SIMAMENI KIDOGO, msiendelee mpaka kila mwanakikundi ameelewa.

Maneno mapya ya somo hili:
Kuteguka: mfupa kutoka mahali pake kwenye kiungo.
Kombe la bega: mfupa mpana ulio nyuma ya bega, juu ya mbavu.
Kano: kamba ngumu za mwilini zinazofunga msuli kwenye mfupa.
Kupandikiza mfupa: kuchukua kipande cha mfupa mahali pamoja na kukipachika mahali pengine ili kiote hapo.

Natumaini kila mmoja ameketi vizuri, na taa inamulika kitabu.

Leo tutazungumza juu ya bega. Bila bega hakuna jembe. Bila bega huwezi kukata mkungu wa ndizi, wala kuchuma buni kwenye tawi la juu, wala kumbeba mtoto. Basi tumfikirie mkulima mmoja kijana wa Nkwenda. Siku moja alianguka na pikipiki kwenye utelezi, akajikinga kwa mkono. Bega likateguka. Majirani wakaja, mmoja akamshika kiunoni, mwingine akavuta mkono kwa nguvu. Bega likarudi, na watu wakashangilia.

Baada ya miezi michache aliinua panga kukata majani ya mgomba, na bega likatoka tena. Mara ya tatu lilitoka alipokuwa akivaa shati. Mara ya nne lilitoka usingizini. Sasa kijana huyu haogopi mvua wala jua. Anaogopa mkono wake mwenyewe. Ameacha kazi ya shamba kwa mkono wa kulia. Wengine wanasema amelogwa. Wengine wanasema ni mvivu.

Ndugu msikilizaji, kijana huyu hakulogwa, wala si mvivu. Ndani ya bega lake kuna kitu kimemeguka. Kilichomeguka kinaweza kutengenezwa. Hilo ndilo somo letu la leo.

BEGA LIMEJENGWAJE?

Shika bega lako la kushoto kwa mkono wa kulia. Mbele, juu ya kifua, utagusa mfupa mwembamba unaolala kama kijiti. Huo ni mtulinga. Nyuma kuna mfupa mpana, nao ni kombe la bega. Upande wa nje unashuka mfupa wa mkono, na ncha yake ya juu ni duara kama ndimu.

Pembeni mwa kombe la bega kuna mahali palipobonyea kidogo, kama kisahani cha chai. Kichwa cha mfupa wa mkono kinakaa hapo. Sasa angalia jambo moja. Kichwa ni kikubwa na kisahani ni kidogo, tena hakina kina. Kiungo cha nyonga hakikujengwa hivyo. Huko nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo kama mchi ndani ya kinu. Kwa hiyo nyonga haitoki kwa urahisi, lakini pia haizunguki kila upande. Bega linazunguka mbele, nyuma, juu na chini. Uhuru huo una gharama yake: kati ya viungo vyote vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloteguka mara nyingi kuliko vingine.

Basi ni nini kinachozuia kichwa kisianguke? Vitu vitatu. Kwanza, ukingo laini unaozunguka kisahani kama mviringo wa mpira. Pili, mfuko imara unaofunika kiungo chote. Tatu, misuli na kano zinazokivuta kichwa kikae katikati.

Mabega mengi huteguka kwa kutokea mbele. Huwa hivyo mkono unapokuwa umeinuliwa na kugeuzwa nyuma, kama mtu anayetaka kurusha jiwe. Kichwa cha mfupa kikitoka kwa nguvu, huchana mfuko na kung'oa ukingo laini. Wakati mwingine humegua na mfupa wenyewe wa kisahani. Kichwa nacho hugonga ukingo na kubonyea upande wa nyuma.

SIMAMENI KIDOGO. Sasa tutumie kiazi. Kata kipande cha duara, kisha kibonyeze au ukichimbe katikati kidogo tu. Hicho ni kisahani. Weka ndimu juu yake, uinamishe kiazi polepole kwa mbele. Ndimu inakaa. Sasa kata ukingo wa mbele wa kiazi, ukate karibu robo ya upana wake. Weka ndimu tena, uinamishe kama mwanzo. Imekwenda wapi? Imeanguka. Ndimu ni ile ile, na mkono wako ni ule ule. Kilichobadilika ni ukingo.

Hivyo ndivyo lilivyo bega la kijana wetu. Kila linapotoka, kichwa cha mfupa husaga ukingo kidogo zaidi. Ukingo ukipungua, bega hutoka kwa urahisi zaidi. Likitoka, linasaga tena. Ndiyo maana kwanza lilihitaji ajali ya pikipiki, na mwisho likahitaji kugeuka kitandani tu.

BEGA LIKITEGUKA, UFANYE NINI?

Kabla ya kusema habari za upasuaji, tujifunze mambo ya siku ya kwanza, maana siku hiyo ndiyo inayoharibu au kuokoa.

Kwanza, usivute mkono wa mtu aliyeteguka bega, wala usimwache jirani auvute. Najua jirani ana nia njema. Lakini kwa macho hamwezi kujua kama mfupa umeteguka tu au umevunjika pia. Ukivuta mfupa uliovunjika, unaweza kuupasua zaidi, au kuumiza mshipa wa damu na mishipa ya fahamu inayopita kwapani.

Pili, ufunge mkono kwa kitenge au kanga, uning'inie shingoni kama ulivyo, bila kuulazimisha kunyooka. Kitambaa chenye maji baridi kinaweza kupunguza maumivu.

Tatu, mwulize mgonjwa: Je, unahisi vidole vyako? Je, ngozi ya upande wa nje wa bega imekufa ganzi? Tazama kama vidole ni vya baridi au vimepauka. Ukiona dalili hizo, usichelewe hata kidogo.

Nne, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Bega linalokaa nje siku nyingi ni gumu sana kurudishwa, na pengine haliwezi kurudi bila kupasuliwa. Karagwe kuna Hospitali ya Nyakahanga. Kyerwa kuna Hospitali ya Isingiro. Kama uko mbali, anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nao watakuelekeza.

Huko hospitali, mganga atatafuta picha ya eksirei ili aone mifupa ilivyokaa. Kisha atakupa dawa ya maumivu au ya kulegeza misuli, na kulirudisha bega taratibu. Hakuna haja ya wanaume wanne kuvutana. Njia mojawapo, iliyoelezwa na daktari Stimson wa Marekani mwaka 1900, ni kumlaza mgonjwa kifudifudi, mkono ukining'inia na uzito mdogo, mpaka misuli ichoke na bega lirudi. Baada ya hapo hupigwa picha tena, mkono hufungwa kwa muda, kisha huanza mazoezi.

Watu wengi huishia hapo wakapona. Lakini vijana, hasa walio chini ya miaka 20, ndio ambao bega hurudia kutoka mara nyingi zaidi. Kwa mtu aliyepita miaka 40, hatari kubwa ni kano za bega kuchanika. Huyo akishindwa kuinua mkono baada ya bega kurudi, asiseme ni uzee. Arudi hospitali apimwe.

MFUPA KUZIBA PENGO LA MFUPA

Sasa tumrudie kijana wetu. Bega limetoka mara nyingi. Je, afanyeje?

Shida hii ni ya kale. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, tabibu wa Kiyunani aitwaye Hippocrates alifundisha kuchoma kwapa kwa chuma cha moto, ili makovu yakaze mahali palipolegea. Hata leo katika sehemu mbalimbali wapo wanaochoma au kuchanja ngozi kwa nia hiyo hiyo. Wazo la kukaza palipolegea si la kijinga. Lakini kovu la ngozi haliwezi kurudisha ukingo uliomeguka ndani. Zaidi ya hayo, kidonda chaweza kuleta usaha.

Mwaka 1923 daktari Bankart wa London alieleza kwamba chanzo cha bega kurudia kutoka ni ule ukingo laini uliong'oka, naye akaushona mahali pake. Njia hiyo inafaa mpaka leo, mradi mfupa wa kisahani ni mzima. Lakini kama mfupa wenyewe umepungua sana, kushona ukingo laini ni kama kupaka udongo juu ya ukuta uliobomoka matofali. Hapo yanahitajika matofali.

Tofali hilo litatoka wapi? Litatoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Mbele ya bega, chini kidogo ya mtulinga, kombe la bega limetoa kipande cha mfupa kilichopinda kama mdomo wa ndege. Mwaka 1954 daktari Michel Latarjet, wa mji wa Lyon nchini Ufaransa, alieleza jinsi ya kukikata kipande hicho na kukihamishia kwenye ukingo uliomeguka. Mwaka 1958 daktari Helfet wa Afrika Kusini alieleza njia iliyo karibu na hiyo, akasema alijifunza kwa mwalimu wake Bristow wa London. Mpaka leo upasuaji huo huitwa kwa jina la Latarjet.

Sikilizeni vizuri jinsi unavyofanywa.

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, hasikii kitu. Daktari hupasua ngozi mbele ya bega. Hukata ncha ya ule mfupa uliopinda, kipande cha sentimeta mbili au zaidi kidogo. Kano zilizoshikamana nacho haziondoi. Kisha hufungua njia kati ya nyuzi za msuli ulio mbele ya kiungo, akapitisha kipande hicho, akakilaza kwenye pengo la kisahani. Mwisho hukikaza kwa skrubu, mara nyingi mbili, kama fundi anavyokaza bawaba ya mlango.

SIMAMENI KIDOGO. Rudini kwenye kiazi chenu. Kateni kipande kingine kidogo, mkiweke pale mlipomegua ukingo, mkichome kwa vile vijiti viwili. Sasa wekeni ndimu, mwinamishe. Je, inaanguka?

Faida ya kwanza mmeiona kwa macho yenu: kisahani kimepata upana. Faida ya pili haionekani katika kiazi. Zile kano zilizohamia pamoja na mfupa, mkono unapoinuliwa, hukaa mbele ya kichwa kama kamba ya kumzuia ng'ombe asitoke zizini. Kwa hiyo kichwa kinazuiwa na mfupa, tena kinazuiwa na kano.

Ikiwa pengo ni kubwa mno, au upasuaji wa kwanza umeshindikana, daktari anaweza kuchukua mfupa kwenye nyonga. Daktari Eden wa Ujerumani mwaka 1918, na daktari Hybbinette wa Sweden mwaka 1932, walieleza njia za kupachika mfupa uliotolewa sehemu nyingine ya mwili.

Utaniuliza: Je, mfupa uliohamishwa hautakufa? Swali zuri. Mfupa si jiwe. Mfupa ni kitu hai chenye damu, kama mti. Ukikazwa vizuri juu ya mfupa mwenzake, bila kutikisika, huungana nao kwa muda wa miezi kadhaa. Wanabustani hubandika chipukizi la mwembe mmoja juu ya shina la mwembe mwingine, nalo huota. Lakini ukilitikisa kila siku halishiki. Kwa hiyo mgonjwa asiyefuata maagizo anaweza kuvunja kazi ya daktari kwa siku moja.

BAADA YA UPASUAJI

Mkono huning'inizwa shingoni kwa majuma kadhaa, kama daktari atakavyosema. Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko huchezeshwa mapema ili visikakamae. Kisha mtaalamu wa mazoezi huanza kuuinua mkono hatua kwa hatua. Jembe, panga, mkungu wa ndizi na dumu la maji husubiri. Kwa kawaida kazi nzito hurudi baada ya miezi minne mpaka sita, na baada ya picha kuonyesha kwamba mfupa umeshika.

Hapa ndipo penye mtihani kwa mkulima. Miezi sita bila mkono mmoja ni msimu mzima. Kwa hiyo, kabla ya kupanga siku ya upasuaji, familia iketi pamoja. Nani atalima? Nani atachuma kahawa? Nani atakata majani ya ng'ombe? Mgonjwa akijua kwamba shamba lina mtu, atapumzika. Akiona magugu yanapanda, atashika jembe kabla ya wakati.

Tusifiche hatari. Kidonda kinaweza kuingia usaha. Skrubu inaweza kulegea, au mfupa usiungane. Mishipa ya fahamu iliyo karibu inaweza kuumia, mkono ukafa ganzi au kupungua nguvu, na pengine hurudi wenyewe baada ya muda. Bega linaweza kukaza kidogo lisigeuke nje kama zamani. Lakini kwa watu wengi waliofanyiwa upasuaji huu, bega halitoki tena.

Jambo moja muhimu sana: mwenye kifafa lazima atibiwe kifafa kwanza. Degedege lina nguvu ya kuvunja hata skrubu. Akimeza dawa zake kila siku bila kuacha, bega lake litapata nafasi ya kupona.

UENDE WAPI?

Upasuaji huu haufanywi zahanati, wala katika kila hospitali. Unahitaji daktari bingwa wa mifupa, mtaalamu wa usingizi, na picha nzuri, pengine ile ya mashine inayoonyesha mfupa vipande vipande ili kupima pengo. Kwa hiyo safari ni ya ngazi. Unaanza hospitali ya wilayani kwako. Huko unaomba barua ya rufaa. Barua hiyo itakupeleka hospitali ya mkoa huko Bukoba, au hospitali ya Bugando mjini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Huko Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996.

Chukua picha zako zote za zamani, usizikunje. Chukua kadi ya bima kama unayo. Andika katika daftari: bega lilitoka lini mara ya kwanza, limetoka mara ngapi, nilikuwa nafanya nini. Hii ndiyo faida ya kujua kuandika, ndugu yangu. Karatasi hiyo moja itamsaidia daktari zaidi kuliko maneno mengi. Kisha mwulize: Je, mfupa wangu umepungua? Je, nashonwa ukingo au napandikizwa mfupa? Gharama ni kiasi gani? Nitarudi shambani lini?

Si kila bega lililoteguka linahitaji kupasuliwa. Mengine hutulia kwa mazoezi. Lakini bega lililotoka mara ya pili linastahili kupimwa na mtu anayejua. Usingoje mara ya kumi, maana kila mara ukingo unasagika.

Na ninyi majirani, mnaposikia kijana anakataa kubeba mkungu kwa sababu ya bega, msimcheke. Mwambieni habari ya kiazi na ndimu.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini bega huteguka kwa urahisi kuliko nyonga?
2. Taja mambo manne ya kufanya mtu anapoteguka bega.
3. Kwa nini si vizuri kuvuta mkono wa mgonjwa nyumbani?
4. Mfupa unaopachikwa kwenye kisahani hutolewa wapi?
5. Zungumzeni: Mkulima mmoja katika kikundi chenu akipasuliwa bega, mtamsaidiaje shambani kwa miezi sita?

KAZI YA KUANDIKA NYUMBANI

Andika sentensi tano za kumweleza jirani asiyesoma kwa nini bega lake linatoka mara kwa mara. Mjuma ujao kila mmoja atasoma sentensi zake mbele ya darasa.